Mungu Si Kiziwi

Sisi huomba kimya. Hatuimbi, hatusemi, hata kunong'ona hatunong'oni. Tunakaa, tunafumba macho, na mambo yetu tunayamaliza ndani kwa ndani. Mtoto akiuliza kwa nini, huambiwa kwamba Mungu si kiziwi, na mjadala umekwisha. Majirani walitupa jina la Wanyamavu tangu enzi za mababu, nasi tukalipokea kama mtu anavyopokea koti la kaka yake: halikukatwa kwa kipimo chetu, lakini baridi haikosi.

Jina hilo halikunisumbua kwa miaka yote niliyokuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha kushona nguo. Wote walijua fundi ni Mnyamavu, na faida yake ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kunitaka nihutubie kwenye sherehe. Nilitia mafuta, nilibadilisha mikanda na sindano, nikaenda zangu nyumbani.

Kisha vita vikaja. Nchi iliyotuvamia, au tuliyoivamia sisi, maana redio ilikuwa ikibadilisha maelezo, ilikuwa na Wanyamavu wengi, na ikasemekana kwamba hata majenerali wake kadhaa ni wa dini yetu. Mimi sikuwa na ndugu huko. Ninaye shemeji mmoja tu, anakaa mtaa wa pili, na nikimwona kwa mbali nabadilisha njia kwa sababu zisizohusiana na vita. Lakini watu walianza kufikiri, na mtu mwenye hofu akianza kufikiri ni bora umpe kazi nyingine. "Mtu asiyefungua mdomo hata mbele ya Mungu," walisema kwenye foleni ya maji, "anaficha nini?"

Kiwanda kiliacha magauni kikaanza kushona sare za jeshi. Pale ukutani palipokuwa na picha za mitindo ya nguo pakabandikwa bango kubwa: ADUI ANA MASIKIO. Nililisoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kwa sababu mwaka huo nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya watu wazima na nilikuwa nasoma kila kitu kilichokaa mbele yangu: vibao, makopo, karatasi za kufungia sabuni. Nilifurahi kulimaliza lile bango bila msaada hata nikasahau kuogopa. Nikamgeukia mama mmoja aliyesimama karibu nikamwambia, "Kumbe ana masikio." Yule mama akayatazama ya kwangu. Ni makubwa. Nimeyarithi kwa baba.

Wa kwanza kuchukuliwa katika mtaa wetu alikuwa mwokaji mikate. Naye ni wa kwetu. Asubuhi moja wateja walimwomba asimame mlangoni pa duka awaombee askari. Alitabasamu, akafumba macho, akaomba kama tunavyoomba. Walingoja. Walingoja tena. Mikate ikapoa, watu wakaenda zao wakiwa wamenuna, na kabla wiki haijaisha lori lilimpeleka kwenye kambi ya uangalizi, ambako barua haziingii wala hazitoki. Sasa tunanunua mikate ya mtaa wa pili, ambayo unaweza kuzibia dirisha, na wanaoilalamikia zaidi ni wale wale waliomshtaki.

Nitasema na hili, maana kulificha ni kujipamba. Baada ya mwokaji kuchukuliwa, mimi mwenyewe nilianza kuwaangalia Wanyamavu wenzangu kwa jicho la pembeni. Tulipokaa pamoja katika nyumba yetu ya sala niliwaza: kimya changu nakijua, ni kimya safi, lakini kimya cha shemeji je? Kilionekana kizito kidogo. Nilimaliza ibada nzima nikimchunguza, na baadaye nikagundua kwamba naye alikuwa ananichunguza mimi.

Msimamizi wetu wa kiwanda alikuwa mtu mwema kabla ya vita. Vita vilipoanza akaanza kuvaa suruali ya jeshi iliyokataliwa na wakaguzi, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa hiyo alitembea kama mtu anayepanda ngazi isiyoisha. Siku moja alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa akatangaza kwamba kuanzia sasa, kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mfanyakazi mmoja ataongoza sala ya ushindi.

"Kwa sauti," alisema. "Kwa zamu. Kila mmoja, bila ubaguzi."

Aliposema bila ubaguzi alinitazama mimi.

Zamu yangu iliangukia Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Si useme tu?" mke wangu aliniuliza nilipomweleza. Alikuwa anamenya viazi, na kisu hakikusimama. "Maneno manne, matano, ukae chini."

"Maneno gani?"

"Hayo hayo unayosema ndani, yatoe nje."

"Mama watoto, yale hayana maneno."

"Basi umeolewa na shida," alisema. "Maana mimi nakwambia, usipofungua mdomo Jumatatu, Jumanne watakufuata kama mwokaji, na mimi hapa nitabaki na watoto, na mama, na cherehani tatu mbovu ulizoahidi kuzitengeneza tangu mvua za mwaka juzi."

Kuomba kwa sauti kwetu si dhambi. Hakuna mahali ambapo kumekatazwa. Ila ni aibu, kama kumpigia kelele mtu aliyeketi ubavuni mwako na kukuwekea mkono begani. Unamwambia nini mtu kama huyo kwa kupaza sauti, ila kwamba hukuamini kama yupo? Hilo ndilo lililonikaba. Niliogopa kambi, na niliogopa pia kwamba nikimwita Mungu kwa sauti kama mtu aliye mbali, ataniona nimemsogeza mbali mimi mwenyewe.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Yeye alishaviona vita vya zamani, akiwa msichana.

"Vita vile," alisema, "walituambia tunacheka sana."

"Tunacheka, mama?"

"Ndiyo. Walisema Wanyamavu wanachekacheka, lazima wana habari njema kutoka kwa adui. Baba yangu akaacha kucheka, akatufundisha na sisi kununa. Vita vilipokwisha alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. Alikufa hivyo hivyo, watu wakidhani ana hasira. Sababu ni kama hizo sare zenu, mwanangu. Kila vita wanashona mpya. Anayevalishwa ni yule yule."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Mimi nitajuaje? Nimekwambia tu usije ukadhani unaonewa peke yako. Unajisikia sana."

Nikafikiri kwamba kama tatizo ni maneno, dawa yake ni shule. Katika darasa la jioni mwalimu wetu, dada mmoja mpole ambaye angeweza kuwa binti yangu, alikuwa ametupa kazi ya kuandika insha ya kumwomba mtu mwenye mamlaka jambo fulani. Wenzangu waliandika kwa mkuu wa soko na kwa mwenye nyumba. Mimi niliandika kwa Mungu. Nilitumia jioni mbili na nusu penseli. Niliweka aya, niliweka mkato, na neno "mathalan", ambalo nilikuwa nimejifunza wiki ile ile na nilikuwa nalipenda kupita kiasi.

Insha ilirudi na wino mwekundu. "Utangulizi mzuri," mwalimu aliandika. "Sentensi ni ndefu mno, msomaji atachoka. Neno mathalan lisitumike mara nne katika aya moja. Hitimisho halipo." Chini yake: saba juu ya kumi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na huku nikiwaza ni nani hasa yule msomaji atakayechoka.

Sasa ikabaki sauti. Nyumbani nilijaribu, watoto wakacheka hadi mmoja akashikwa na kwikwi. Kwa hiyo Alhamisi, wenzangu walipotoka kwenda kula, niliingia katika stoo ya mashine mbovu, nikafunga mlango, nikasimama kati ya vichwa vya cherehani na madebe ya mafuta. Niliikunjua ile insha. Stoo ina giza, na miwani yangu nilikuwa nimeiacha ukumbini. Nikaikunja tena.

Shida ya kwanza ilikuwa kuanza. Katika kimya huanzi. Unajikuta umo ndani, kama usingizi. Lakini kwa sauti lazima kwanza umwite mwenzako. Na mimi katika maisha yangu nimezungumza na mtu nisiyemwona kwa njia moja tu, nayo ni simu ya ofisini kwa msimamizi, ninapoagiza vipuri. Basi nikaomba kama ninavyoagiza vipuri. Nayakumbuka maneno yangu neno kwa neno, kwa sababu baadaye yalirudiwa mbele ya wote.

"Unanisikia?" nilisema. "Ni mimi, fundi. Niko stoo, peke yangu. Hapa bado hawajajua kitu. Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Watu wote watakuwa ukumbini na mashine zitakuwa zimezimwa. Mimi nangoja maelekezo yako. Sare za mikono mirefu zimekwisha. Za mikono mifupi zinaondoka kesho kwa lori. Wenzetu walioko kambini usiwasahau. Nikikwama, nipe ishara."

Ninaomba nieleweke. Watu wengine humwendea Mungu kwa sifa. Mimi tangu ujana humwendea kwa taarifa ya kazi: mashine gani imekatika mkanda, nani ameumia kidole, mzigo gani umetoka. Naona ni adabu, kama mtoto anavyomweleza mzazi siku yake ilivyokuwa kabla ya kuomba hela. Ndani kwa ndani taarifa hii haijawahi kumdhuru mtu.

Nyuma ya mlango alikuwepo Mama Pasi. Huyu ndiye aliyekuwa akinyoosha sare zikishashonwa, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa amekuja kutafuta waya wa pasi yake. Nilisikia ndala zake zikikimbia kwenye korido. Nikasema moyoni, masikini, amechelewa chakula.

Afande mmoja wa jeshi alifika na askari wake kabla chai ya alasiri haijachemka. Walipekua stoo wakitafuta redio ya mawasiliano. Walifungua kichwa cha kila cherehani mbovu, na ninakiri kwamba mmoja wa wale askari alikuwa na mkono mzuri, alifungua mashine niliyoihangaikia tangu mwaka jana. Redio hawakuipata. Walipata insha yangu.

Nilisimamishwa ukumbini mbele ya wote. Mashine zilizimwa. Afande alikuwa mtu mzima, macho mekundu ya kukosa usingizi, na aliishika ile karatasi mbali na uso kama mimi ninavyofanya.

"Saba juu ya kumi," alisoma. "Hii ni nini? Asilimia ya nini?"

"Ni alama, afande."

"Ishara ya nini?"

"Si ishara. Ni alama za mtihani. Nasoma jioni."

"Na mathalan ni nani?"

"Si mtu, afande. Ni neno la kutolea mifano."

"Limepigiwa mstari mara nne."

"Nililipenda sana."

Huko nyuma mkata vitambaa, kijana asiyeweza kujizuia, alikohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Afande aliikunja karatasi.

"Mle ndani ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Mungu, afande."

"Wanyamavu hamuongei na Mungu."

"Tunaongea. Ila hatusikiki."

"Leo umesikika."

"Nilikuwa najifunza."

"Alitaja lori," Mama Pasi alisema kutoka kwenye meza yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli, na kweli alikuwa anasema kweli. "Alisema mikono mifupi inaondoka kesho. Alisema anangoja maelekezo."

Afande alinigeukia. "Mungu anahitaji ratiba ya lori?"

"Anaijua, afande. Ni mimi tu napenda kumwambia."

Safari hii waliocheka walikuwa wengi, lakini kilikuwa kile kicheko kifupi cha watu wanaoangalia mlango. Msimamizi hakucheka. Alikuwa amesimama na ile suruali yake, na nilijua anajiuliza kama kuajiri Mnyamavu ni kosa la mwajiri. Nje lori la afande lilikuwa linanguruma, hawakulizima injini. Nilielewa maana yake. Hawakuwa wamekuja kukaa.

"Sawa," afande alisema. "Kama ilikuwa sala, sali tena. Hapa, sasa. Tutajua wenyewe."

"Naweza kusoma kwenye karatasi?"

"Hapana."

Nikafumba macho. Na hapo ndipo mazoea yakanishinda, maana mtu huzama anakozoea kuzama. Nilikwenda kimya, moja kwa moja, nikakaa huko vizuri kabisa. Sijui ilipita muda gani.

"Umeanza?" sauti ya afande iliuliza.

"Nimeanza, afande," nilijibu. "Samahani. Nimeanzia ndani."

"Anzia nje."

Nilikuwa nimekusudia kuombea ushindi. Naapa nilikuwa nimekusudia. Niliyatafuta maneno ya insha, nikapata utangulizi tu, tena nusu. Kwa hiyo nilisema kilichokuwepo.

"Unanisikia?" nilisema. "Ni fundi. Niko ukumbini, wenzangu wapo, na afande yupo. Ninaogopa; magoti yangu unayaona. Mkanda wa mashine ya dirishani umechakaa na wa kubadilisha sina. Mama Pasi mkono unamuuma na hamwambii mtu, na mwanawe aliye mstari wa mbele hajaandika. Mwangalie. Afande naye hajalala. Mwokaji wetu wamempeleka kambini na tanuri lake limepoa. Hakufanya kitu. Siku ile alichelewa kufumbua macho kwa sababu alikuwa anawaombea waliosimama pale, mmoja mmoja, na kwake huwa inachukua muda. Basi ni hayo. Sijui namna ya kukata."

Hakuna aliyesema Amina, kwa kuwa hawakujua kama nimemaliza, na mimi sikujua kama ninayepaswa kuwaambia ni mimi. Nikafumbua jicho moja. Mama Pasi alikuwa ameiweka pasi juu ya sare na kuisahau; moshi mwembamba ulianza kupanda, mtu akaipokonya.

Afande alijipangusa uso kwa kiganja, kuanzia juu hadi chini, kama anayefuta ubao.

"Jasusi gani huyu?" alimwuliza msimamizi. "Adui akimwajiri huyu, vita tumeshinda."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao. Nimewahi kusifiwa maishani, mathalan kwa cherehani ya mke wa diwani, lakini hakuna sifa iliyowahi kunisaidia kama ile. Wapo waliookolewa kwa ushujaa wao na wapo waliookolewa kwa akili. Mimi niliokolewa kwa kutokuwa na faida yoyote kwa adui.

Afande alinirudishia insha. Akanisogelea, akasema taratibu, "Habari za mwokaji usizirudie." Kisha kwa sauti ya wote akamwambia msimamizi, "Na huyu asiombe tena kwa sauti. Akiendelea kutangaza safari za malori namna hii, atatumaliza."

Msimamizi alipanda juu ya meza mara moja. "Kuanzia leo," alitangaza, "fundi ataomba kimya. Hiyo ni amri." Nadhani mimi ndiye Mnyamavu pekee katika nchi hii anayenyamaza kwa agizo la serikali. Ndugu zangu wengine bado wananyamaza kwa hatari yao wenyewe.

Na zamu yangu ya Jumatatu ikapewa anayefuata. Anayefuata alikuwa Mama Pasi.

Nyumbani mke wangu alininywesha chai kama mgonjwa huku akicheka na kulia kwa zamu. Mama mkwe alitaka kujua jambo moja tu.

"Mwokaji ulimtaja?"

"Nilimtaja, mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Alitikisa kichwa polepole, na sikujua kama ni kwa kuniona mjinga au la. "Ulikuwa na nafasi ya kuwaambia tunawapenda," alisema, "ukawaambia mkanda umechakaa." Lakini alinisogezea mto wake mgongoni, na huo mto hajawahi kumpa mtu.

Ijumaa, nikiwa stoo narudishia mashine walizozifungua, mlango ulibishwa. Sijawahi kuona mtu akibisha hodi kwenye stoo. Mama Pasi aliingia, akasimama, akagusa mlango kwa kidole.

"Mlango huu ni mwembamba," alisema.

"Ni mwembamba, mama."

"Mtu anaweza kusikia vibaya."

"Anaweza."

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na ukimjua utaona ni ndefu. Alikaa juu ya debe la mafuta.

"Ulijuaje kuhusu mkono wangu?"

"Unashika pasi kwa kushoto siku hizi."

"Na mwanangu?"

"Mtu wa barua akipita unazima pasi, mama. Akishapita unawasha."

Aliangalia sakafu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko niliyowahi kuisikia kwake, "Basi mwombee. Ile yenu ya ndani. Hii ya nje usijaribu tena, fundi, nakusihi."

Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia. Tangu Alhamisi nilikuwa nimeandaa maneno makali, yenye aya. Badala yake nikafumba macho. Kwa kuwa mbele ya Mungu hakuna kujipamba, nitasema kwamba nilianza kwa kumshtaki yeye kwanza, kwa kirefu, pamoja na ndala zake. Nilipomaliza ndipo nikafika kwa mwanawe.

"Umeanza?" aliuliza.

"Nimeanza."

"Mbona sioni?"

"Mama, kila nikikujibu naacha."

Akanyamaza. Alinyamaza vizuri sana, kwa mtu asiye na mazoezi. Nilipofumbua macho naye alikuwa amefumba ya kwake, mikono mapajani, na sikumharakisha.

"Sasa na mimi nina ombi," nilimwambia alipofumbua. "Jumatatu ni zamu yako. Mwombee mwokaji."

Alishtuka. "Kwa sauti?"

"Kwani ninyi mnayo nyingine?"

"Fundi," alisema, na akaangalia ule mlango mwembamba. "Fundi, nina mtoto vitani. Nikimwombea mtu aliyeko kambini, watu watanielewa vibaya."

"Karibu, mama," nilimwambia.

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya kukatia, akakohoa, akaanza. Mama Pasi ni mwombaji hodari. Sauti yake ilijaza ukumbi mpaka juu kwenye mabati. Aliwaombea viongozi. Aliwaombea askari wa nchi kavu, wa majini na wa angani, na kila kundi watu wakaitikia Amina. Akawaombea wagonjwa, wajane, yatima, madereva. Nilianza kudhani ameghairi, na siwezi kusema ningemlaumu. Akaongeza mwendo. Akawaombea wakulima, waganga, wauguzi, walimu, waashi, na hapo hapo, bila kupumua, kama mtu anayeruka mtaro gizani, akasema na mwokaji wetu wa mikate arudi salama kwa watoto wake, na wapishi, na mafundi bomba.

Amina, ukumbi ukaitikia. Ilikuwa imeshatoka midomoni mwao kabla habari haijafika masikioni. Kisha ikafika. Niliona vichwa vikiinuka kimoja kimoja, watu wakitazamana, kila mmoja akitaka kujua kama mwenzake naye ameitikia. Wote walikuwa wameitikia. Amina haina mlango wa kurudia.

Msimamizi, aliyekuwa amepanda juu ya meza yake, alifumbua macho, akatazama huku na huku akimtafuta wa kumlaumu, na kama kawaida akaishia kwangu. Nilikuwa nimefumba mdomo, kama nilivyoamriwa. Akasita, akashuka mezani kwa ile suruali yake, akaniambia niwashe mashine.